Deni la Mlembe

Tulilipa getini, tukapewa risiti:
watu sita, kutembea, siku moja.
Bi Mbeleje, mlinzi wa msitu, akatusomea masharti
mkono mmoja umeikamata kofia,
maana upepo wa Juni huku Chenene hauna adabu.
Msiwashe moto. Msikate fito. Msirine asali.
Mkikutana na fisi msimkimbie,
mwacheni apite, naye ana safari yake.

Sisi ni watu wa Mtumba, watu wa mafaili.
Juma zima tunaitana mheshimiwa kwenye korido,
Jumamosi tunavaa raba mpya, tunajifunza kupanda mlima.
Isere wa manunuzi alibeba kamba
ambayo hakuna aliyejua kuifunga.
Chilewa wa masijala, mzaliwa wa Bahi,
alikuja na makubadhi ya matairi.
Ndiye aliyefika juu wa kwanza. Tulimkuta
anaota jua jabalini, yeye na pimbi watatu,
wote wanne wakitutazama tunavyohema.

Majani ya mtundu yalishaanza kushika kutu.
Digidigi wawili walituchungulia kichakani,
pua zikicheza kama za watu wanaonusa uongo,
kisha pakabaki kichaka tu.
Tukapiga picha kichaka.
Tukapiga picha hata mavi ya nungunungu,
Isere ameweka kalamu pembeni
ili ofisini waone ukubwa.

Ndipo akaja.
Kijivu, wa kawaida, ndege ambaye
ungepishana naye sokoni Majengo usimkumbuke.
Akatua kwenye mkole, akalia
kama mtu anayetikisa kiberiti gizani
asikie kama kimebaki kijiti.
"Mlembe," Chilewa akanong'ona,
na uso wake ukawa uso ambao sijauona
miaka minne tuliyokaa meza jirani.
"Anatuita."

Tukamfuata. Nani angekataa?
Anaruka, anatua, anageuka, anatungoja,
kama karani mwenye huruma
anayekupitisha mlango hadi mlango
mpaka kwa mwenye muhuri.
Korongo kavu. Miiba iliyoichana shati ya Isere.
Halafu mninga mkubwa wenye ufa kifuani,
na ndani ya ufa, mvumo,
kama mji mzima unaosali kwa sauti ya chini.

Mlembe akanyamaza. Kazi yake imekwisha.
Akashuka tawi la karibu, akatutazama mikono.

Mikono yetu ilikuwa na simu.

"Mama alikuwa mrina asali," Chilewa akasema.
"Hata mwaka wa njaa, sega la mlembe aliliacha.
Ukimdhulumu, safari ijayo anakupeleka kwa chui."
Akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Risiti ilisema kutembea.
Ndege hasomi risiti.
Nikapekua begi: karanga, maji, mkate wa siagi,
na mshumaa mmoja wa dukani
niliouchukua endapo giza lingetukuta.
Nta ni nta, nikajiambia. Nikauweka juu ya jiwe,
tukarudi nyuma hatua kumi, kwa heshima.
Akaja. Akaugonga mara moja kwa mdomo,
kama keshia anavyoikagua noti,
akanigeuzia jicho moja,
akaenda zake. Kiberiti hakikulia tena.

Getini Bi Mbeleje akauliza, "Mbukwenyi, mmeona nini?"
Pimbi, tukasema. Digidigi. Nyayo, labda za fisi.
Kwenye daftari la wageni, safu ya maoni,
niliandika: Pazuri.
Chilewa akaichukua kalamu, akakaa nayo kitambo,
akaandika chini yangu: Tunadaiwa.

Ule mshumaa niliusahau kulekule.
Jumatatu, saa saba, katikati ya kikao,
niliuona waziwazi: jua limeusimamia utosini,
unalainika, unapinda taratibu juu ya jiwe,
na hakuna wa kuuokota.