Kumbukumbu za Kikao cha Tujaribu

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika arobaini,
saa kumi kamili ikiwa ni ya kwenye barua tu.
Mahali: chumba cha nyuma, ukumbi wa zamani, Walukuba.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Bwana Tenywa,
aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani,
maana viti vya chama viliazimwa harusini wakati wa Pasaka
na harusi haijavirudisha.
Makamu wake, Bi Drateru, mikono bado inanuka mukene wa Masese.
Mhazini, Nekesa.
Mjumbe wa vijana, Okwir,
kijana wa miaka arobaini na mitatu.
Na mimi katibu, ambaye hajiandiki sana.

Aliyetoa udhuru: Fadumula, fundi baiskeli,
mshika ufunguo wa tatu.
Hakutuma udhuru. Tulimzika Ijumaa.
Lakini daftari lina safu mbili tu, waliokuja na wenye udhuru,
nami sikutaka kumwacha nje ya zote mbili.

Ajenda ya kwanza: sanduku.
Ni la bati, lina makufuli matatu.
Ndivyo tulivyokubaliana siku ile mtoto wa Aceng
alipotumbukia mtaroni, maji ya mvua yakamchukua
hadi nyuma ya kiwanda kilichofungwa,
akatolewa mzima, kiatu kimoja hana.
Tukasema tutaufunika mtaro kwa zege, hatua kwa hatua,
elfu mbili kila nyumba, kila mwezi,
na pasiwe na mkono unaoweza kufungua peke yake.
Makufuli aliyachagua Fadumula.
"Tupendane," alisema, "lakini tufunge."

Okwir akashauri tukate kwa msumeno.
Mwenyekiti akasoma kifungu cha tisa:
Kufuli halikatwi.
Kifungu hicho alikiandika marehemu.
Drateru akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.
Sikuandika kicheko, wala leso.

Ndipo akaingia binti yake, Zamzam,
ufunguo kaufunga kwenye kipande cha mpira wa tairi,
bado una grisi.
Tukainuka kumpa pole. Akazipokea zote, moja moja,
kama mtu anayehesabu chenji,
kisha akasema, "Nipeni risiti."
Miaka sita ya ukatibu:
risiti za saruji, za kokoto, hata ya sukari ya wageni.
Ya ufunguo, sijawahi.
Nikaandika: Umepokelewa, ufunguo mmoja, mzima.

Sanduku likafunguliwa. Nekesa akahesabu.
Akahesabu tena, polepole, akilowesha kidole.
Zimepungua elfu kumi na mbili.

Hakuna aliyeuliza nani.
Palipo makufuli matatu, mwizi hawezi kuwa mmoja,
na asiyeiba alikuwepo akitazama kwingine.
Nje ikapita pikipiki, ikatusaidia kunyamaza.
Mwenyekiti akavua kofia, akaweka elfu tano ndani.
Drateru elfu tatu, zina magamba.
Okwir alikuwa na sarafu nne za mia tano, akazitoa zote.
Nekesa elfu moja, kutoka kwenye fundo la kanga.
Mimi nikamalizia.
Kisha nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri:
Pesa zilihesabiwa, zikatimia.
Hamna uongo hapo.
Nilisahau tu kusema ni mara ya ngapi.

Mwezi uliofuata niliwasomea.
Zamzam alikaa mahali pa babaye, juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mwenyekiti akauliza, kama ilivyo desturi,
"Je, ni kumbukumbu sahihi?"
Mikono ikapanda upesi,
kama ya watoto walionakili jibu moja.
Mmoja ulibaki gotini, umeshika ufunguo.
"Katibu," akasema, "mara ya kwanza zilikuwa ngapi?"

Niliwatazama viongozi wenzangu.
Kila mmoja alikuwa akisoma ukuta,
na ukuta ule hauna maandishi.
Dirishani zege la kwanza la mtaro lilikuwa bado bichi;
kuku alishapita juu yake, akaacha nyayo
ambazo hakuna kikao kitakachozifuta.

Nikafungua kalamu.
Nikaruka mstari mmoja.
Nikaandika: Yatokanayo.