Jembe au Mkongojo

Umeme wa Mnyambe umerudi saa mbili usiku,
orodha ya malipo ya mnada wa tatu iko mezani:
wakulima mia na themanini na wawili,
kila mmoja na kilo zake, na makato yake,
na mstari wa tarakimu ulio mlango wa nyumba yake.

Mimi ni karani wa chama.
Kidole changu kikiteleza, mtu halali.

Mwaka juzi kiliteleza.
Moja niliiandika saba,
na korosho za mzee Nampoto,
magunia kumi na moja, daraja la kwanza,
zikaingia kwa mtu asiyemjua, huko Nanjilinji,
aliyeamka, akasoma ujumbe, akamshukuru Mungu,
akanunua bati.
Benki wakasema, tutamwandikia barua.
Barua haiezui bati.

Mzee hakunitukana. Alikuja kila Jumatatu,
akakaa kwenye benchi la ofisi, akanitazama,
saa sita akaondoka.

Basi usiku huu, nafasi ya mia na nne:
Somoe Nangumbi. Nane, sifuri, sifuri, nne, halafu
wino umelowa.
Nampigia.

“Bibi, nisomee namba ya kwenye kitabu cha benki.
Si ya kadi. Si ya simu.
Na ile ya siri usiitaje, hata kwangu.”
“Namba sizijui kwa majina, mwanangu. Nazijua kwa sura.”
“Haya, nitajie sura.”

“Mayai mawili yamepandana.
Yai. Yai tena.
Kiti kimepinduliwa.”
Nasikia tochi ikipigwapigwa kiganjani.
“Halafu jembe.”
“Jembe, au mkongojo?”
“Nimelima miaka hamsini, leo unifundishe jembe?”

Saba, basi. Nakagua na jina,
herufi kwa herufi: Nangumbi, si Nangumbe,
maana akina Nangumbe nao wapo, na wana akaunti.
Mwenzangu anapiga miayo mlangoni:
“Tuma tu. Kesho watatulaumu tumechelewa.”
Watulaumu. Aliyechelewa hufika.

Kidole kiko juu ya kitufe
simu inapolia.

“Mwanangu, samahani. Nimevaa miwani ya marehemu.
Lile jembe
naona mpini tu.”

Nafuta saba. Moja siandiki.
Naacha uwazi mweupe kwenye mstari wake.
“Kesho, bibi, njoo na kitabu.
Benchi lipo.”