Blauzi Kwenye Mkorosho

Waliniita kwa kuwa Kitaliano nakijua,
kile cha jikoni, cha kuulizia chumvi na taulo,
kilichokomaa kwa miaka ishirini ya kufua mashuka ya watu
hapa Malindi.

Ornella, mpwa wa marehemu, alikuwa na makopo kumi na moja ya mikanda
aliyoyakuta chini ya ngazi. Kutu, na mavi ya mijusi.
Jumba la makumbusho huko kwao litayanunua, akasema,
ila linataka majina: hapa ni wapi, huyu ni nani.
Kwa saa, shilingi mia tano.

Tukatundika shuka ukutani.
Ilikuwa na mkunjo katikati; kila aliyepita pale
alikatika kiuno, kisha akaungana.

Mkanda wa sita. Ngoma inalia,
si yetu, sijui wameiokota wapi,
yetu haikimbii hivyo kama mtu aliyeitiwa mwizi.
Kisha sauti ya mwanamume, nzito, imeshiba.
Mjane wa nchi moja anajigaragaza juu ya kaburi,
wasichana wa kisiwa fulani wanaoga
wala hawajui kuwa kichaka kina jicho,
halafu, mkasi ule ule, gundi ile ile,
Ganda.

Naijua ile njia. Shule iko pale sasa.
Wanawake watano wamepangwa kama mitungi ya kuuza.
"Hawa," sauti inasema, "hawajawahi kuona sindano.
Huyu wa kati anamwomba mungu wa mvua
ampe mume."

Wa kati ni Haluwa.
Shangazi yake mama. Kovu la pasi ya makaa juu ya kiwiko.
Haluwa wa cherehani ya mkono,
aliyeshona sare za nusu ya Ganda,
mwenye mume, mwenye watoto wanne,
mwenye daftari la madeni.

Si kwamba kifua ni aibu. Hawe, bibi yangu,
alikwenda kisimani hivyo hivyo, hando likimcheza kiunoni,
na kifua kilikuwa kifua, kama goti.
Lakini Haluwa alipenda blauzi. Mama husimulia:
mikono ya puto, maua ya manjano, vifungo sita vya chaza.
Wale wageni walimwambia, vua,
hiyo inatuharibia Afrika.

"Rudisha," nikamwambia Ornella.
Akarudisha.
Mdomo wa Haluwa unacheza chini ya ngoma ya kuokota.
Nikausoma kama ninavyomsoma mama
akigombana na muuza samaki ng'ambo ya barabara:
Tulisema tatu. Hizi ni mbili.
Tena: Tatu.
Hiyo ndiyo sala ya mvua.

"Rudisha tena."
Kona ya juu, kulia, sekunde mbili, labda hazifiki,
tawi la mkorosho,
na kwenye tawi, blauzi.
Walisahau kuiondoa.
Mkanda mzima ni mweusi na mweupe,
mimi niliiona manjano.
Upepo umeijaza, ina mabega,
mwanamke wa sita aliyekataa kupangwa.

Ornella akakaa kimya. Akaniuliza kama nataka maji.
Si mbaya yule binti, na mjomba si yeye,
lakini maji sikuyataka.
Nikavuta karatasi ya majina, nikaandika kwa herufi za darasani:
Haluwa wa Kazungu, fundi cherehani, Ganda.
Blauzi mtini: yake, kaishona mwenyewe.
Wengine wanne, nitauliza.

Chini, kwenye hesabu: saa tatu za kutazama,
na shilingi moja ya mwaka sitini na nne.

Ornella akadhani nimekosea.
"Moja tu?"
Moja, nikasema. Ile yenye simba.