Mikono ya Clem

Kikombe cha chai kimemshinda tangu Machi.
Nusu hunywa yeye, nusu hunywa kisahani,
nami hujifanya natazama mvua ya Plymouth,
mvua ile isiyo na haraka.

Lakini leo Jumamosi.
Natoa jini kwenye kabati la viatu
(jini ya kunywa, si jini la kupungwa;
tuliificha humo enzi za mama yake, hatukuihamisha tena),
napima kwa kikombe cha yai, viwili na robo,
nakamua ndimu ngumu kama ngumi ya mtoto,
sukari iliyoyeyushwa, kijiko,
barafu za mwisho, zenye harufu kidogo ya samaki.
Vyote ndani ya chupa ya jamu. Nakaza kifuniko.
Nakaza tena.

"Haya, Clem."

Anaipokea kwa mikono miwili
na mikono inafanya inavyofanya siku zote,
ila sasa ina kazi.
Kacha-kacha, kacha-kacha,
haipumziki, haihesabu,
kijana gani wa hoteli angeiweza?
Chupa inaota ukungu. Vidole vinaiva.
Daktari ana jina refu la jambo hili.
Mimi nasema, "Basi, utaipasua,"
naye anacheka, hawezi kuacha,
anacheka kwa kuwa hawezi kuacha.

Nachuja kwa chujio la chai.
Chake nakitia katika bilauri nzito, nusu tu.
Changu nakijaza hadi ukingoni,
kifurike,
ili nami nimwage kidogo.