Hodi ya Machomanne

Mtaa unaitwa Machomanne,
mashine yetu ina jicho moja:
la kijani ikiwa na raha,
jekundu ikinuna.
Leo imenuna tangu saa nane za usiku.

Faki Kombo kaja na bajaji ya umeme,
kreti za boflo nyuma, bado zafuka mvuke,
chaji asilimia sita.
Kachomeka. Kimya.
Kachomoa, kapangusa kichwa cha waya kwa upindo wa shati,
kachomeka tena.
"Mize, umeme si upo?"

Upo, Faki.
Taa ya msikiti inawaka,
friji la Bi Raya linanguruma hadi huku nje.
Umeme umetoka Tanga, umepita chini ya bahari,
umekuja mpaka hapa,
shibiri moja na betri yako.
Kilichokosekana ni ruhusa.

Maana mashine hii haina mamlaka ya kumpa mtu kitu.
Kila dakika tano inabisha hodi
kwenye jumba ambalo sijaliona,
katika nchi ninayoijua kwa ankara tu,
na huko mtu, au kisicho mtu,
huitikia karibu.
Ndani ya karibu hiyo mna jina la Faki,
salio la Faki,
na neno moja: mpe.

Sisi tulifunzwa hodi ni tatu.
Usipoitikiwa, geuza miguu,
wala usichungulie dirishani.
Mashine haikupita chuoni.
Nimesoma kumbukumbu zake kwa tochi ya simu:
hodi arubaini na mbili,
zote kwa adabu ileile,
hata moja haikupandisha sauti.

Nikafungua kifuniko, nikachomoa laini,
ndogo kama ukucha wa mtoto.
Ilizaliwa mbali, ikaja na mashine boksi moja,
mnara wa hapa ukaipokea kama mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa siku tisini, jembe hakushika,
na mnara, kumbe, ulikuwa unahesabu.
Usiku wa manane ukamtolea vyombo nje.

Wenye mnara siwalaumu.
Nani anamfuga mgeni asiyesema anaondoka lini?

Wanjala wa Busia anajua maradhi haya.
Mashine yake inalala Kenya, inaamka Uganda,
na haijasogea hata hatua,
ni minara tu inayoigombania.
Na Echati, kule Moroni, aliniandikia juzi:
"Agiza laini yenye majina mengi, dada,
kila nchi ijitaje kwa jina la pale,
isiwe mgeni popote."
Nimeagiza.
Iko bandarini Mkoani, inangoja muhuri,
na mwenye muhuri kaenda arusini Konde.

"Boflo zinapoa," Faki anasema,
si kwa hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.
Wete kuna skuli, kuna hospitali,
kuna watu wanaokoroga chai sasa hivi.

Basi nikaiazima mashine simu yangu.
Nikaiweka juu ya kifuniko, nikaiunganisha,
nikakaa chini, mgongo ukutani.
Hodi ya arubaini na tatu
ikapita kwenye bando langu la shilingi elfu mbili,
ikavuka bahari ambazo mimi sijazivuka,
na jicho likafikiri,
likafikiri,
likawa kijani.

Faki hakushangilia. Kavunja boflo, kanipa nusu.
Asilimia saba.
Asilimia kumi na moja.
Simu ikaanza kutetemeka: mama.
Nikiipokea, mtandao utakatika, na yeye
salamu zake hazijawahi kupungua robo saa.
Nikaitazama inaita.
Nisamehe, mama, kuna mtu anaongea.
Asilimia kumi na tatu,
na bando limebaki kiduchu.