Mgongo wa Kiganja

Kanuni inasema sehemu za siri
zipapaswe kwa mgongo wa kiganja,
kana kwamba mgongo hauna hisia,
kana kwamba aibu huuliza
ni upande upi wa mkono uliogusa.

Miaka kumi na mmoja navaa glavu za buluu
uwanja wa ndege wa Omaha. Jina langu, Lorna Vrbka, liko kifuani.
Nimepapasa nyonga za wachunga ng'ombe,
mikanda ya wajawazito,
mguu wa bandia wa askari aliyeniomba radhi
kwa kuchelewesha foleni.
Yeye, aniombe radhi mimi!

Na kila mwezi, Ijumaa ya pili, Daktari Toor.
Anang'oa meno mjini Lincoln; bintiye yuko Fresno.
Kilemba cha leo ni rangi ya haradali.
Mashine inachora duara la njano kichwani pake.
Mashine haijui kilemba. Inajua unene,
mikunjo, kitu kilichofunikwa,
na kilichofunikwa ni hatia
mpaka kithibitike kuwa kitambaa.

"Mikono yako baridi, Lorna."
"Januari, Daktari."
"Mimi nilidhani ni serikali."

Anajipapasa kilemba mwenyewe, hilo linaruhusiwa.
Namfuta viganja kwa kijikaratasi cheupe,
nakilisha mashine ya kunusa.
Tunasubiri, tukitazama pande tofauti.
Kijani.
Mwezi uliopita kijani.
Miaka mitatu ya kijani, wala hakuna daftari
linalomwandikia hata nukta moja.

Wakati huo, nyuma yangu,
bwana wa shati la gofu alipita akinitakia siku njema.
Nikamjibu nawe pia.

Saa nane mchana tukaitwa ofisini.
Msimamizi Haugen akaweka kisu mezani,
cha majaribio, kingali na plasta
na vinyweleo vya mgongo kilikobandikwa.
"Nani alimgusa mkaguzi huyu?"
Kimya.
"Kwa nini?"
Tukavitazama viatu vyetu.
Nani angethubutu kusema:
kwa sababu alifanana na shemeji yangu?

Kikulacho ki nguoni mwako. Sawa.
Lakini nguo ipi, na nani huvuliwa?

Sisemi tuache. Mwanangu Wendell
hupanda ndege hizi hizi, nami husikiliza redio
mpaka aniandikie kwamba ametua.
Ila kama lazima tuguse, basi tuguse
kama mvua ya mawe ya huku kwetu,
isiyouliza hili ni shamba la nani.
Niliyasema haya kwa Haugen, kwa maneno machache zaidi.
Alinishukuru kwa maoni.

Februari ikaleta amri mpya ukutani:
UMAKINI MARADUFU.
Umakini ukaangukia
palepale ulipozoea kuangukia.
Ijumaa ya pili. Duara la njano.
Kilemba cha kijivu safari hii, na hakuna mzaha.

Nilikuwa nimeibana mikono kwapani
tangu nilipomwona mwisho wa foleni,
ipate joto.
Ndilo badiliko pekee lililokuwa ndani ya uwezo wangu.

Alivaa soksi zenye vijibata vidogo,
bila shaka zawadi ya mjukuu.
Nilizikagua pia.