Safu ya Mume

Brno, theluji dirishani, saa nne usiku.
Kwenye msimbo wangu Bwana Hrubeš ni mtu kamili:
ana mke, ana mabinti wawili, wameshikana mikono.
Kwenye jedwali ni mstari tu,
na mkewe ni namba 40718 katika jedwali jingine.

Kazi yangu ukalimani:
mkono uwe namba, namba irudi kuwa mkono.

Leo Květa wa madai kaniandikia:
Hrubeš amefariki, nimemfuta.
Nikachungulia. Mke hayupo. Mabinti hawapo. Bima haipo.
Neno moja nililoliacha Machi
limewazika wote pamoja naye.

Nimeling'oa.
Watatu nimewarudisha kutoka nakala ya jana.
Safu ya mume nimeiacha tupu,
si sifuri.
Tupu.